King'ora Changu na Rimu ya Obed

Jumatatu, 1 Septemba 2025

Siku mbaya. Lakini kesho ni yangu.

Mwenyekiti Wiliam kaniita ofisini asubuhi. Nilivaa kizibao changu cha kung'aa, kwa sababu Mtunza King'ora wa Kijiji haendi ofisini kama mtu aliyetoka kuchimba viazi. Kaniambia Jumanne ya wiki ijayo anakuja Bi Scholastica kutoka Njombe, yule wa mambo ya maafa, kujaribu king'ora. Kitapigwa, naye atatazama watu wangapi wanakuja. Wakija wachache, king'ora kinang'olewa pamoja na nguzo yake, kinahamia kijiji cha ng'ambo ya bonde. Nikamwuliza wachache ni wangapi. Kasema wachache ni kama mara iliyopita.

Mara iliyopita walikuja wawili. Mmoja alikuwa Esteria, mke wangu, kuniambia chakula kinapoa. Wa pili alikuwa Obed, kaja kucheka.

Nijitetee kidogo. King'ora kinatakiwa kijaribiwe mara moja kwa mwezi. Mimi nakijaribu karibu kila siku. Chombo kisipotumika kinashika kutu, kila fundi anajua. Na mlio wake naupenda, sioni haya kuandika. Unaanza chini kama ng'ombe mgonjwa, unapanda, unapanda, mpaka vioo vya shule vinatetemeka. Tatizo ni kwamba watu wamezoea. Wakiusikia wanasema Yonathani huyo, wanaendelea kupalilia.

Obed ndiye mgonga rimu. Ni rimu kuukuu ya lori, imening'inizwa kwenye mlingoti nje ya kanisa. Anagonga ya ibada, anagonga ya msiba, anagonga ya moto. Kamwambia Mwenyekiti mbele yangu kwamba rimu haihitaji betri wala jua. Nikasema haihitaji akili pia. Mwenyekiti akatuomba tutoke.

King'ora hakiondoki! Si kwa sababu ya kizibao tu. Nyuma ya kilima kuna mipaini ya Esteria. Aliipanda mwaka aliozaliwa binti yetu Eveline, mche mmoja mmoja, mtoto mgongoni. Mwaka juzi moto wa kiangazi ulikuja mpaka ukalamba majani makavu chini ya mstari wa kwanza, ndipo upepo ukageuka. Niliuona uso wa mke wangu siku ile. Sitaki kuuona tena.

Jumanne, 2 Septemba

Makambako! Nimekwenda kutafuta betri. Nimegundua watu hawaji kwa sababu mlio hauna nguvu ya kutosha.

Justine, fundi mwenye kibanda karibu na stendi, kaniuzia betri iliyotoka kwenye trekta. Kaapa kwa jina la mama yake. Nimeipakata njia nzima kama mtoto mchanga. Nilipofika Lupembe nikahisi baridi mapajani, halafu joto, halafu moto. Betri inavuja. Suruali yangu ya kanisani sasa ina dirisha mahali ambapo sitapataja hata humu.

Esteria kaitazama suruali kwa muda mrefu. Kisha kasema kwa upole kwamba nikitaka watu waje, ninyamaze. Nisikiguse king'ora mpaka siku ya moto wenyewe, watu watashtuka, watakuja. Nimemshukuru. Mke wangu ni mtu wa busara lakini mambo ya ufundi yanampita.

Jumatano, 3 Septemba

Nimeziba betri kwa lami, nimeifunga, nimebonyeza. Mlio wa kutisha! Kuku wa Mwenyekiti wamepanda juu ya bati. Aliyekuja: hakuna. Hata Obed hakuja kucheka, jambo ambalo liliniuma zaidi.

Nikakaa chini ya nguzo, nimevunjika moyo. Naandika ukweli.

Ndipo gari la chai likapiga honi kwenye kona.

Kiangazi hiki majani ni machache, kwa hiyo gari halina ratiba. Linakuja siku linapojisikia. Watu wanachuma, wanasubiri, majani yanasinyaa kwenye makapu. Wakichelewa kufika kwenye banda la kupimia chai, Frederick dereva anaondoka na majani yote ya siku yanakuwa takataka. Kwa hiyo honi ile ilipolia, kilima kizima kiliporomoka. Wazee, vijana, mama mwenye mtoto anayenyonya. Bibi Anyisile, ambaye aliniambia magoti yake hayataki mambo ya king'ora, alinipita na kapu mgongoni bila hata kunisalimu kamwene.

Nilisimama nikatazama vumbi lao. Hivyo ndivyo watu wanavyotakiwa kukimbia!

Na hapo, chini ya nguzo, likanijia wazo. Nimelala nalo kitanda kimoja. Esteria kauliza kwa nini nacheka peke yangu.

Ijumaa, 5 Septemba

Mambo yanakwenda.

Jana nilimsubiri Frederick barabarani. Nikampa pendekezo. Akiwa kwenye banda la chini anapakia, anipigie simu. Mimi nabonyeza king'ora. Akifika kwetu, watu na majani yao wako tayari. Hapigi honi, hasubiri, hagombani na mtu. Kafikiri kidogo, kasema hata hivyo honi yake inakaribia kufa. Tukashikana mikono.

Leo mchana kapiga simu. Nikabonyeza, kisha nikateremka mbio nikipiga kelele kwamba gari linakuja. Wengine waliniamini, wengine walinitukana, wote wakaja kuona. Gari likaja kweli! Majani mabichi, hayajasinyaa hata moja. Bibi Anyisile kanishika mkono wangu kwa mikono yake miwili, kasema siku zote alijua nina faida, ila hakujua ni ipi.

Obed naye alikuwepo na kapu lake. Kapima, kaondoka.

Jioni nikamfuata Mwenyekiti. Mahali pa kukutania kukiwa na moto ni uwanja wa shule. Nikamwomba pahamishwe pawe banda la chai. Nikataja paa, kivuli na heshima ya mgeni. Alikuwa anakula makande, kakubali bila kuinua kichwa.

Nani mjinga sasa?

Jumapili, 7 Septemba

Jana gari limekuja tena. Nilibonyeza tu. Sikupiga kelele, sikuteremka. Wote walikuja mbio! Wanajifunza upesi kuliko nilivyotegemea.

Leo baada ya ibada kulikuwa na mnada wa sadaka kama kawaida: viazi, mayai, maparachichi, jogoo mmoja mwekundu. Obed ndiye mnadishaji. Kamwinua jogoo juu, kawatangazia waumini kwamba huyu anawika alfajiri peke yake na watu wanaamka, tofauti na viumbe fulani vinavyowika mchana kutwa. Kanisa zima likacheka. Mchungaji alikohoa, lakini nilimwona meno.

Nikapandisha bei. Obed mwenyewe akapandisha. Nikapandisha tena. Sasa nina jogoo ambaye sikumhitaji. Esteria kasema tulikuwa tumekuja na mayai ya kutoa, si na hasira ya kutoa. Jogoo nilimbeba mwenyewe mpaka nyumbani.

Jogoo nimempa jina la Obed. Imenisaidia.

Jumatatu, 8 Septemba

Siku ya matengenezo. Nataka Bi Scholastica akute chombo kinachomeremeta.

Nimefuta vumbi kwenye sola. Nimesugua vichwa vya betri kwa maji ya moto na kuvipaka girisi. Waya uliotafunwa na panya nimeuunga na kuuzungushia utepe. Nguzo nimeipaka rangi mpaka nilipofikia. Mwisho nikapanda ngazi kuchungulia ndani ya pembe ya king'ora, kuona kama kuna kutu.

Hakukuwa na kutu. Kulikuwa na manyigu.

Mdomo wa juu umevimba, sasa unauona kabla hujaniona mimi. Nilikuwa nimeandaa hotuba ya kesho, yenye sehemu ya historia na sehemu ya shukrani. Siwezi kutamka hata jina langu. Esteria kanipaka kitunguu na kunigeuzia uso ukutani ili asicheke mbele yangu. Nilisikia mabega yake yanacheka.

Haidhuru. Kesho haihitaji mdomo wangu. Inahitaji kidole.

Jumanne, 9 Septemba

USHINDI.

Bi Scholastica kafika na gari jeupe, viatu vya shambani, miwani. Mama mwenye adabu. Kanisalimu, katazama mdomo wangu, kauliza kama nilikwenda kliniki. Nikatikisa kichwa kwa ujasiri. Mwenyekiti akampeleka bandani. Mimi nikapanda kilimani, nikafungua kisanduku kwa ufunguo ninaouvaa shingoni, nikabonyeza.

Sijawahi kuona kitu kama kile maishani. Walitoka kwenye mashamba, walitoka majikoni, walitoka hata kwa fundi cherehani na nguo zenye pini. Njia zote zilijaa. Nilipoteremka, banda lilikuwa limefurika mpaka nje, na Bi Scholastica alikuwa ameweka mkono kifuani. Kasema katika vijiji vyote alivyopita hajaona mwitikio wa namna hii.

Kisha kauliza swali moja. Kwa nini kila mtu ana kapu la majani ya chai mgongoni?

Mwenyekiti akanitazama. Obed akanitazama, tena kwa furaha. Nikajikaza, nikasema maneno mawili tu, maana mdomo haukuruhusu mengine: majani mabichi.

Bi Scholastica akawaza. Halafu uso ukamng'aa. Kasema bila shaka, majani mabichi hayashiki moto kwa urahisi, ukiyamwaga juu ya moto unaoanza yanaufunika. Kasema hii ni mbinu ya wenyeji na haijawahi kufika mezani kwake. Kapiga picha. Mwezi ujao anataka kuleta wageni wa vijiji vingine waje kujifunza. King'ora kinabaki!

Sikusema uongo. Nilisema majani mabichi, na yalikuwa majani mabichi.

Kasoro ndogo: baada ya mgeni kuondoka watu walibaki wamekaa, wanauliza gari liko wapi. Mwenyekiti aliwaambia leo haliji. Bibi Anyisile kaniambia maneno ambayo mzee wa kanisa hatakiwi kuyajua. Yatapita.

Alhamisi, 11 Septemba

Nina masizi mikononi. Naandika hivyo hivyo.

Moto. Moto wa kweli. Nilikuwa kilimani nabana skrubu za sola nikanusa moshi. Nikazunguka nyuma ya kilima, nikauona. Mtu alichoma visiki bondeni, upepo ukauchukua, unapanda kwenye nyasi kavu moja kwa moja kuelekea mipaini ya Esteria.

Nikakimbilia kisanduku. Nikabonyeza. King'ora kikalia vizuri kuliko siku zote, nakiri nilijivuna hata pale. Nikaona watu wanatoka mashambani. Nikasema asante Mungu.

Wakateremka bandani.

Wote. Wakateremka upande usio na moto, na makapu yao, wakakaa chini ya paa wakisubiri gari. Kilima kilikuwa katikati, hawakuona hata moshi. Nikabonyeza tena. Wakaja zaidi! Kadiri nilivyobonyeza ndivyo walivyozidi kuukimbia moto.

Nikateremka nikianguka na kuinuka. Nikapiga kelele kwamba kuna moto. Mdomo bado umevimba, lakini moto ni moto, walinielewa vizuri tu. Hawakuniamini. Mtu mmoja akasema juzi tulidanganywa kwa ajili ya mgeni, leo mgeni ni nani? Bibi Anyisile akasema ungekuwa moto, Obed angegonga rimu. Kila mtu akaona ni neno la maana.

Nikageuka nimtafute Obed.

Obed alikuwa kwenye foleni ya mizani. Kapu mgongoni. Watu wanne mbele yake.

Nikamtazama, akanitazama. Nadhani alianza kuelewa, maana rangi ilimtoka. Lakini alikuwa amebanwa kwenye foleni na kapu limejaa. Nikakimbia. Sikumbuki njia. Nyundo ya rimu huwa anaiweka nyumbani kwake, kwa hiyo nikaigonga kwa spana ya king'ora. Mimi, Yonathani! Niliigonga rimu ya Obed kwa spana yangu mwenyewe, nalia, na sikusikia aibu yoyote.

Nao wakaja. Kama maji. Wamebwaga makapu njiani, wameshika matawi, mapanga, ndoo. Nikawaongoza nyuma ya kilima, na Obed akawa wa kwanza kabisa kuingia kwenye moshi. Walipiga moto kwa matawi mpaka ukalala chini. Esteria alikuwa katikati yao na kanga kichwani, anapiga, anapiga.

Mistari ya mbele ya mipaini imekwisha. Iliyobaki imesalimika.

Ijumaa, 12 Septemba

Nimetoka na Esteria kutazama. Tumesimama kwenye majivu. Ile mistari ya mbele ndiyo aliyoianza kupanda, Eveline akiwa mdogo kabisa, hata shingo haijakaza. Nilisema pole. Alisema asante. Hakunilaumu, na ningependa angenilaumu, kwa sababu ningepata la kujibu.

Alishika shina moja lililoungua, mkono ukawa mweusi, akajifuta kwenye kizibao changu cha kung'aa. Nimekiacha vile vile.

Nimeumia. Naandika mara moja, basi.

Jumamosi, 13 Septemba

Mkutano wa kijiji. Nilikaa nyuma kabisa, karibu na njia ya kutorokea.

Watu walimsifu Obed na rimu yake. Makofi. Mtu akapendekeza apewe kizibao changu. Makofi zaidi. Nikaanza kukivua. Ndipo Obed akasimama, bila nyusi, zimeungua zote, anaonekana kama mtu aliyesikia habari ya kushangaza na hajapona. Kasema siku ya moto yeye alikuwa kwenye foleni ya mizani kama watu wengine wote. Kasema aliyegonga ni Yonathani, na kama rimu ina ufa sasa, ufa huo ni wa spana.

Halafu makofi, mengine, ya kwangu. Niliinamisha kichwa. Nusura nimsamehe mambo yote tangu shule ya msingi.

Uamuzi wa mkutano: king'ora ni cha gari la chai, rimu ni ya moto. Kila kimoja na kazi yake, na asichanganye mtu. Mwenyekiti alirudia neno hilo la mwisho akinitazama. Kizibao nimeachiwa. Nyundo ya rimu itafungwa kwa mnyororo palepale kwenye mlingoti ili mtu yeyote aifikie.

Nimewaahidi wote, nimesimama, kwamba nimejifunza. Esteria kanishika mkono njiani. Mara ya kwanza tangu Alhamisi.

Jumapili, 14 Septemba

Siku tulivu. Ibada nzuri. Jogoo Obed amewika katikati ya maombi ya nyumbani, tumecheka wote wawili.

Mchana nimekaa chini ya nguzo nikiwaza. Jambo moja halinipi raha. Bi Scholastica anakuja mwezi ujao na wageni wake kutazama king'ora cha moto. Nitawaonyesha nini? King'ora cha chai? Watakiondoa, na watafanya haki.

Lakini shida hasa ni nini? Shida ni kwamba king'ora kimepewa kazi ya gari. Kikipunguziwa kazi hiyo, kinarudi kuwa cha moto, na mipaini ya mke wangu inapata ulinzi wa kisasa. Basi gari liitwe kwa chombo kingine. Chombo ambacho watu wanakiamini. Chombo ambacho wakikisikia wanakuja kama maji, nimeona kwa macho yangu.

Na mkono wa kuigonga ninao. Obed mwenyewe alisema mbele ya mkutano.

Obed kesho anakwenda Matamba, kumwozesha mtoto wa dada yake, atakaa wiki nzima. Nyundo iko kwenye mlingoti, mtu yeyote anaifikia. Nimempigia Frederick, kasema kwake ni sawa, rimu au king'ora, mradi majani yawe tayari. Nikiigonga kila gari linapokuja, Obed atarudi akute watu wamezoea.

Esteria kachungulia mlangoni, kauliza natabasamu nini. Nimemwambia nawaza usalama wa mipaini yake.

Kanipa uji. Nimeing'arisha spana.